Albamu ya Jolene ya Dolly Parton

CD halisi ya albamu hii ya mwaka 1974 ya Dolly Parton, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, niliyoipata kwa muuza mitumba wa Mwanjelwa hapa Mbeya, ina sauti safi kiasi kwamba gitaa linalofungua wimbo wa "Jolene" linasikika uzi kwa uzi. Hata hivyo, hazina yake kubwa ni "I Will Always Love You". Wengi wanaufahamu wimbo huo kwa sauti ya Whitney Houston ya mwaka 1992, lakini mtunzi ni Dolly mwenyewe, aliyeuandika kumuaga Porter Wagoner, mwenzake wa kazi katika televisheni. Hapa anauimba kwa upole, na ubeti mmoja anautamka tu kama anayeongea na mtu aliyeketi mbele yake. Mimi naupenda hivi zaidi. Alipotakiwa amwachie Elvis Presley, aliyetaka kuurekodi, nusu ya haki za wimbo alikataa, uamuzi ambao kila msanii wetu anayepewa mkataba asaini haraka haraka angepaswa kuufahamu. Nyimbo nyingine ni fupi na baadhi ni za kawaida. Wapenzi wa kantri wa Nyanda za Juu Kusini, nawashauri muitafute.