TAHADHARI: Jamaa anayeuza kompresa za upepo "mpya" hapa Dodoma, kumbe anatuuzia za kwetu wenyewe

Mbukwenyi wadau. Hii ni kwa wenye malori, mabasi na yeyote mwenye gari la breki za upepo (kompresa ndo pampu inayoujaza huo upepo) anayepita Dodoma, hata nyie mnaoendesha yale magari ya wageni ya kulala humohumo yanayotoka Arusha kwenda Iringa, maana huyu mtu hachagui.

Kuna jamaa anazunguka maegesho ya magari makubwa kuanzia Nala, Kizota mpaka kule Ihumwa, anakuja na bodaboda na dogo mmoja wa kumshikia spana, yeye ndo fundi na yeye ndo muuza spea. Jina na namba siweki hapa kwa sababu suala lishafika polisi, ila mtamjua kwa staili yake, ukimwambia tu upepo haujai, hajashika hata bolti ashasema kompresa imekufa hiyo bosi.

Dereva wangu alikuwa anatoka Singida na alizeti, kufika Nala geji ya upepo ikawa inapanda mpaka psi 70 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) inasimama, akikanyaga breki mara mbili tatu inashuka chini ya 60 buza inaanza kulia. Akapaki, na hapo alifanya la maana sana maana upepo ukizidi kushuka, ukifika kati ya 45 na 20 hivi zile springi za handibreki zinakamata zenyewe na gari inajifunga palepale ilipo, hata kama ni katikati ya lami. Vijana wa pale wakamuitia huyo jamaa. Jamaa akafungua draini ya mtungi wa upepo, akapitisha kidole, akamuonyesha mafuta kidogo, "ona mwenyewe, ringi za kompresa zimekwisha". Kompresa "mpya" laki tisa, ya zamani anaichukua yeye kama skrepa anakupunguzia elfu hamsini. Risiti kaandika kwa peni kwenye karatasi ya daftari, EFD hana, anasema mashine iko dukani, na duka hakuna anayelijua.

Upepo ukajaa kweli, gari ikaondoka. Ila dereva wangu ana macho, akaniambia bosi wakati fundi anafunga kompresa nilimuona dogo yuko chini anafungua kitako cha ile chupa ya kukaushia upepo, wengi mnaiita eya draya, anagonga gonga linatoka tope jeusi na kutu, anafuta anarudishia, wala hicho hakikutajwa kwenye bili. Ugonjwa ulikuwa palepale! Ile valvu ya chini ya draya ikikwama na uchafu inabaki wazi, kompresa inapampu na upepo mwingi unatokea chini. Yani kazi ya kusafisha au ya kubadilisha kit (seti ya vipuri vya hiyo valvu) ya bei ndogo imegeuzwa laki tisa.

Sasa sikilizeni utamu wake. Baadaye rafiki yangu wa Kizota akaniita nimsaidie kuangalia kompresa mpya aliyonunua, imepigwa rangi ya silva inang'aa mpaka unajiona. Naigeuza, naona pezi moja la kupoozea limevunjika kwenye kona, nageuza upande wa pili tundu la bolti lina bushi ya shaba. Hiyo bushi fundi wangu wa Morogoro aliitia yeye mwenyewe, nyuzi za tundu zilikuwa zimeliwa. Kompresa yangu hiyo, imeoga na kuvaa nguo mpya! Nikaingiza kidole kwenye tundu la kutolea upepo kikatoka cheusi tii kwa masizi. Kitu kipya hakina masizi jamani, na matundu yake yanakuja yamezibwa vifuniko, na rangi haipakwi juu ya gasketi na juu ya vichwa vya bolti vilivyoliwa na spana.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela kwa mtu yeyote, weka vigingi kwenye matairi, jaza upepo mpaka mwisho, gari nyingi gavana (kile kinachosimamisha kompresa kujaza) inakata kati ya psi 120 na 130. Ikikata utasikia draya inapumua pshhh mara moja kisha kimya. Kama inavuma mfululizo wakati geji bado inapanda au imegoma, anza na draya, kompresa waiache kwanza. Ikishajaa zima injini, achia handibreki, kaa uangalie geji, kwa gari lisilo na tela isipungue zaidi ya psi 2 kwa dakika, ukikanyaga breki na kushikilia isizidi 3. Ikishuka mbio basi una mvujo, chukua maji ya sabuni upite kwenye viungo vya mipira, na kama inavuja pale tu unapokanyaga basi sikilizia valvu ya mguuni au dayaframu (mpira wa ndani) za breki chamba, yale makopo ya upepo yanayosukuma breki kwenye magurudumu. Hakuna kompresa itakayotibu mpira uliotoboka. Ila kama haivuji popote na bado inachukua muda mrefu kujaa, hapo ndo uangalie upande wa kompresa, na hata hapo anza na filta ya kuingizia upepo, vumbi letu la Dodoma mnalijua, na bomba la kutoka kompresa kwenda draya ambalo linazibwaga na masizi. Mafuta kidogo kwenye draini ni kawaida, yakiwa yanamwagika kabisa au yamechanganyika na maji kama uji ndo ringi zijadiliwe.

Na kingine cha huyu mtu ambacho kwangu ni kibaya kuliko hata wizi, kuna jamaa wa basi kaniambia alimkuta anataka kufungua breki chamba ya nyuma, ile yenye springi kubwa ndani, bila kuibana kwanza kwa bolti yake. Ile springi ikifyatuka inaua mtu, na dogo wake ndo alikuwa kainama mbele ya hiyo chamba. Ukimuona anaanza hivyo mfukuze, ugomvi mtamaliza baadaye.

Pia akikwambia draya haina kazi, kwamba aikwepe ili upepo uende moja kwa moja kwenye mitungi, kataa. Maji yote yatalala kwenye mitungi na valvu zitaoza, nawe utarudi kumtafuta yeye, si ndo biashara yenyewe.

Kompresa yangu bado iko Kizota kwa rafiki yangu, hajaifunga, polisi wameshaipiga picha. Kama na wewe ulimuachia ya kwako, kumbuka alama yoyote iliyokuwa nayo, kovu la welding, namba, bolti isiyo ya kwake, na ile karatasi ya daftari usiitupe, nenda nayo kituoni ukaandikishe maelezo. Mwenye picha za kompresa ya silva aliyouziwa azitupie hapa tuzikague wote, inawezekana ya kwako iko kwenye gari la jirani.