Kinanda cha Kujifunzia Piano kwa Bei Nafuu: Kipi Kitangulie, Kipi Kibaki Dukani

Mteja anapoulizia kinanda cha kujifunzia katika maduka ya Kariakoo, muuzaji kwa kawaida hukiwasha na kubonyeza kitufe cha wimbo wa maonyesho. Ngoma zinalia, besi inaingia, tarumbeta zinaitikia, na mnunuzi ambaye hajawahi kupiga hata nota moja anatoa pesa akiamini kwamba amesikia ubora wa chombo. Kwa mwanafunzi wa piano wimbo huo hauonyeshi kitu, kwa sababu hakuna kidole kilichogusa kibonyezo. Mwongozo huu unavipanga vinanda vya Yamaha na Casio, kampuni mbili za Kijapani ambazo mnunuzi wa Dar es Salaam atakutana nazo mara nyingi zaidi, kwa kuangalia mkono wa anayeanza utazoea nini juu ya chombo hicho katika mwaka wake wa kwanza na wa pili. Idadi ya sauti na midundo haikuhesabiwa kabisa, maana anayejifunza piano huhitaji sauti moja tu, nayo ni ya piano.

Bei za vinanda nchini hupanda na kushuka pamoja na dola, na hutofautiana hata kati ya maduka mawili yanayotazamana; kwa hiyo hapa vinalinganishwa kwa uwiano wa bei, na shilingi zenyewe ataziuliza mnunuzi katika maduka matatu au manne kabla ya kutoa fedha.

Tachi kwanza

Jambo la kwanza la kuulizia ni kile ambacho wauzaji na wapigaji hukiita tachi, yaani uwezo wa kinanda kutoa sauti ndogo kikiguswa polepole na sauti kubwa kikipigwa kwa nguvu. Chini ya kila kibonyezo cha kinanda chenye tachi kuna viunganishi viwili vinavyogusana kimoja baada ya kingine, na mtambo hupima muda uliopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili: muda ukiwa mfupi, kidole kilishuka kwa kasi, na sauti hutoka kubwa. Kinanda kisicho na tachi hutoa sauti ileile, upige kwa hasira au kwa upole. Anayejifunzia juu yake hujua mahali pa kuweka vidole lakini hajui kuvitawala, na siku atakapokaa mbele ya piano halisi, mkono wake wa kushoto utaufunika wimbo wa mkono wa kulia bila yeye kuelewa kasoro iko wapi.

Yamaha wamerahisisha utambuzi, pengine bila kukusudia. Katika mfululizo wa PSR-E, tazama tarakimu ya kwanza baada ya herufi E: ikiwa ni 2, kama katika PSR-E263, E273 au E283, kinanda hakina tachi; ikiwa ni 3 au 4, kama katika E363, E373, E383 au E463, tachi ipo. Kwa Casio, CT-S100 na CT-S200 hazina, CT-S300 inayo. CT-S200 na CT-S300 zinafanana sana kwa umbo, na njia ya haraka ya kuzitofautisha ukiwa dukani ni gurudumu la kupindisha sauti, ambalo CT-S300 inalo na mwenzake hana. Ukiona chenye rangi nyekundu au nyeupe, hicho ni CT-S200, kwa kuwa CT-S300 ilitengenezwa nyeusi tu.

Nafasi ya kwanza: Yamaha PSR-E373, au mrithi wake PSR-E383

Kwa mtu mzima au mtoto wa shule anayeanza, ambaye bajeti yake haifikii piano ya kidijitali, hiki ndicho cha kutafuta. PSR-E373, iliyotoka mwaka 2020, ina vibonyezo 61 vya ukubwa kamili vyenye tachi, inaweza kutoa nota 48 kwa wakati mmoja, ina tundu la pedali (kikanyagio cha mguu kinachorefusha sauti), na ina tundu la USB la kuunganishia kompyuta au simu kwa anayetaka kufuata masomo ya programu. Sauti yake ya piano inasikika vizuri katika spika zake zenyewe, jambo ambalo halipatikani katika vinanda vingi vya daraja hili. Inatumia adapta ya volti 12 au betri sita za AA, na kwa nyumba ambayo umeme hukatika jioni wakati ndio wa mazoezi, betri hizo zina thamani kuliko midundo yote iliyomo ndani.

Ina upungufu wake, nao ni vibonyezo vyepesi. Havina nyundo ndani wala uzito wa piano, na kidole kilichozoea wepesi huo huchoka haraka kinapohamia kwenye piano halisi. Kwa miaka miwili ya mwanzo upungufu huu unavumilika.

Kuhusu vibonyezo 61, wengi huambiwa kwamba havitoshi kwa kuwa piano ina 88. Vitabu vya ngazi za mwanzo havitoki nje ya mipaka hiyo, na piano za zama za Mozart zenyewe zilikuwa na oktavo tano tu (oktavo ni umbali wa C moja hadi C inayofuata), ingawa zilianzia F na kuishia F, wakati vinanda vyetu huanzia C na kuishia C. Anayefika mahali ambapo 61 zinambana ameshapiga hatua kubwa, na wakati huo atakuwa anajua mwenyewe anachotaka kununua.

Nafasi ya pili: Casio CT-S300

Tofauti kati yake na cha kwanza ni ndogo, na mahali bei ya PSR-E373 inapozidi kwa kiasi kikubwa, sioni sababu ya kung'ang'ania jina la Yamaha. CT-S300 ina vibonyezo 61 vya ukubwa kamili, tachi, nota 48 kwa wakati mmoja, tundu la pedali na nafasi ya betri sita za AA. Ni nyembamba, ina uzito wa takriban kilo 3.3, na ina mpini wa kubebea uliotengenezwa pamoja na mwili wake, kwa hiyo inamfaa zaidi mwanafunzi anayekwenda na kinanda kwa mwalimu na kurudi nacho. Sauti ya piano ni kavu kidogo ukilinganisha na ya PSR-E373, hasa katika nota za chini, lakini tofauti hiyo hupungua sana ukivaa hedifoni.

Nafasi ya tatu, ambayo ingekuwa ya kwanza kama mfuko ungeruhusu

Yamaha P-145, iliyochukua nafasi ya P-45 mwaka 2023, na Casio CDP-S110 ni piano za kidijitali hasa: vibonyezo 88 vyenye nyundo, vizito zaidi upande wa kushoto na vyepesi zaidi upande wa kulia, kama ilivyo katika piano halisi. Nimeziweka hapa kwa sababu moja tu, kwamba bei yake huwa mara mbili au zaidi ya PSR-E373, na mwongozo huu unahusu bei nafuu. Hata hivyo, mzazi ambaye tayari ameamua kwamba mtoto atafanya mitihani ya ABRSM au Trinity, bodi za mitihani ya muziki za Uingereza, aanzie hapa moja kwa moja, kwa kuwa bodi hizo zinapokubali chombo cha kidijitali hutaka vibonyezo vya ukubwa kamili vyenye uzito pamoja na pedali, na kununua kinanda chepesi leo ni kulipa mara mbili. Kati ya hizo mbili, P-145 haina nafasi ya betri. Familia ya CDP-S inaweza kutumia betri sita za AA, na kwa mkaaji wa Dar es Salaam hilo linatosha kuamua.

Kati ya ngazi hii na ile ya chini kuna Yamaha NP-15 na mtangulizi wake NP-12. Zina sauti chache, vibonyezo 61 vyenye tachi nzuri kuliko ya PSR-E, na hakuna midundo ya kumchezea mwanafunzi akilini. Ukikikuta kimoja kwa bei iliyo karibu na ya PSR-E373, kichukue hicho.

Vya kuepuka

PSR-E273, CT-S200 na vinanda vya mfululizo wa PSR-F si vibaya kwa kazi nyingine, kama vile kutafutia sauti za waimbaji, lakini havina tachi na kwa piano havifai. Tofauti ya bei kati ya CT-S200 na CT-S300 ni ndogo mno kuhalalisha hasara hiyo. Vinanda vyenye vibonyezo vidogo, kama Casio SA-46 yenye 32 na SA-76 yenye 44, ni vya kuchezea mtoto wa chekechea. Vile visivyo na jina linalojulikana, vyenye kipaza sauti ndani ya boksi, vinauzwa kwa bei inayovutia. Havina tachi, adapta zake hufa mapema, na havina vipuri. Kuhusu vibonyezo vinavyowaka taa, kama katika mfululizo wa LK wa Casio, mtoto hujifunza kufuata taa, na siku zikizimwa hajui aanzie wapi.

Kitufe kimoja cha kutokigusa

Hapa naomba niseme neno kwa wanaojifunza ili wapigie kwaya, ambao katika jiji hili pengine ni wengi kuliko wanaojifunza piano kwa ajili ya piano yenyewe. Kwaya zetu husoma solfa, na katika solfa do huhama: wimbo mmoja do ni C, mwingine do ni G, mwingine A-flati. Vinanda vingi vilivyotajwa hapa vina uwezo wa kuhamisha ufunguo kwa kubonyeza kitufe, na matokeo yake tumepata kizazi cha wapiga vinanda wanaoweka do kwenye C siku zote na kukiachia chombo kazi ya kuhama. Mtu wa namna hiyo akikalishwa mbele ya piano halisi, isiyo na kitufe hicho, anakwama katika wimbo wa pili. Mwanafunzi akiepuke kitufe hicho kwa miaka miwili ya mwanzo, ajifunze G, F na D kwa vidole vyake, hata kama mwalimu wa kwaya ana haraka.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Chagua sauti ya piano, kisha bonyeza C ya katikati polepole kabisa na baadaye kwa nguvu. Kama sauti haibadiliki katika kinanda kinachojulikana kuwa na tachi, huenda tachi imezimwa katika mipangilio. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako. Baada ya hapo piga vibonyezo vyote 61, kimoja kimoja, pamoja na vyeusi, hata kama foleni ya wateja inakusonga. Katika vinanda vilivyotumika, vumbi na hewa ya chumvi ya pwani huharibu viunganishi vya chini, na dalili yake ni kibonyezo kinachotoa sauti kubwa ghafla kikiguswa kidogo, au kisichotoa sauti kabisa mpaka kibonyezwe mara mbili. Kimoja kikiwa hivyo, kuna uwezekano kwamba jirani zake wanafuata.

Vya mtumba vina hatari nyingine upande wa adapta. Kinanda kilichotoka Japani huweza kuja na adapta ya volti 100, na umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Soma maandishi ya nyuma ya adapta: yakisema 100–240V, iko salama. Kama haipo na unanunua nyingine, volti pekee hazitoshi kuangaliwa. Vinanda vingi vya zamani vya Casio hutumia volti 9 na nguzo hasi katikati ya pini, wakati vya Yamaha vya volti 12 huweka nguzo chanya katikati; mchoro mdogo wa duara karibu na tundu la umeme unaonyesha ipi ni ipi, na adapta iliyogeuzwa inaweza kukiua kinanda.

Pedali kwa kawaida haimo ndani ya boksi la PSR-E373 wala la CT-S300, kwa hiyo iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo pamoja na stendi. Hedifoni nazo ziangaliwe ukubwa wa pini, kwa kuwa baadhi ya vinanda vina tundu la milimita 6.35 na vingine la milimita 3.5. Kwa anayeishi nyumba ya kupanga yenye wapangaji wengi, hedifoni ndizo zitakazoamua kama atafanya mazoezi saa tatu usiku au hatafanya.

Dai risiti ya EFD na uhakikishe namba ya mfululizo iliyo chini ya kinanda inafanana na ya kwenye boksi, kwani waranti bila risiti ni maneno matupu. Kinanda cha vibonyezo 61 kina urefu usiofika mita moja na kinaingia kwenye bajaji bila shida. P-145 ina zaidi ya mita 1.3 kabla ya kuhesabu boksi, na inahitaji gari.