Piaggio Avanti: kijibawa cha puani kinafanya kazi gani hasa?

Wadau, karibuni tena. Leo ni zamu ya Piaggio P.180 Avanti, ndege ya Kiitaliano, na kabla sijasema lolote nakuwekea picha yake kwa sekunde kumi. Itazame tu.

Umeiona? Pua imechongoka kama ya papa. Puani pana kijibawa. Mabawa makubwa yamesogezwa nyuma kabisa, yamebeba injini mbili, na propela zinatazama nyuma: zinaisukuma ndege badala ya kuivuta. Halafu juu ya mkia kuna bawa jingine, la tatu. Mtu akiiona mara ya kwanza anadhani picha imegeuzwa. Na jina lenyewe, Avanti, kwa Kiitaliano maana yake ni "mbele".

Vipimo vya kwenye vipeperushi sitavisoma, wengi mnavijua. Abiria hadi 9, rubani mmoja anaruhusiwa kuirusha peke yake, iliruka mara ya kwanza tarehe 23 Septemba 1986, basi. Ninachotaka tukae nacho leo ni kile kijibawa cha mbele, kwa sababu watu wengi wanadhani kimewekwa kwa urembo. Hapana! Ndege nzima imejengwa kukizunguka.

Tuanze na jambo linalonishangaza kila ninapoligusa. Chukua Beechcraft King Air B200, ndege ya kawaida kabisa ya propela mbili. Injini zake ni za familia ya PT6, kila moja nguvu za farasi 850. Avanti nayo ina PT6 mbili, kila moja farasi 850. Sasa angalia mwendo. King Air inafika karibu kilomita 535 kwa saa. Avanti inafika karibu 740. Farasi wale wale, tofauti ni kilomita 200 kwa saa!

Niwe mkweli lakini, ulinganisho huu hauko sawa asilimia mia. Injini ya Avanti ndani yake ina uwezo mkubwa kuliko huo, ila imefungiwa kwenye 850. Ikipanda juu ambako hewa ni nyembamba, bado inazo nguvu za akiba za kutoa, wakati nyingine zimeshaanza kuchoka. Na Avanti inapanda hadi futi 41,000, King Air B200 inaishia 35,000. Kwa hiyo sehemu ya siri ni injini. Sehemu kubwa, ni umbo. Eneo la mabawa ya King Air ni mita za mraba 28. La Avanti ni 16 tu. Bawa dogo maana yake hewa kidogo ya kupasua. Swali ni moja: wameliondoaje bawa kiasi hicho na ndege bado inabebeka?

Hapa sogea karibu, maana tunaifanya hii mezani na wewe unaweza kuifanya nyumbani. Nina rula ya sentimita 30. Alama ya 0 ndiyo pua, alama ya 30 ndiyo mkia. Katikati, kwenye 15, nimegandisha sarafu kwa utepe. Rula na sarafu pamoja zina gramu 84. Hiyo ndiyo ndege yetu, na uzito wake umekaa kwenye 15. Huku nina mizani ya jikoni ya kidijitali, juu yake nimesimamisha kifutio chenye ukingo mwembamba, kisha nikairudisha mizani kwenye sifuri. Ukingo wa kifutio ndio bawa.

Naiweka rula juu ya kifutio kwenye alama ya 17. Kwa nini isiwe 15? Kwa sababu ndege salama huwa na uzito mbele kidogo ya mahali bawa linaponyanyulia, ndiyo tabia ya mshale kutangulia kichwa. Unaona, pua inaanguka. Ndege ya kawaida inafanyaje? Mkia unasukuma CHINI. Naweka kidole kwenye 29, nakandamiza taratibu mpaka rula inyooke. Soma mizani: gramu 98. Ndege ni ya gramu 84, lakini bawa limebebeshwa 98! Gramu 14 za ziada ni za mkia unaokandamiza. Bawa linabeba ndege, na juu yake linabeba kazi ya mkia.

Sasa naondoa kidole. Nafunga uzi kwenye alama ya 3, karibu na pua, na badala ya kukandamiza nyuma, nanyanyua mbele. Taratibu... imenyooka. Soma: 72. Kutoka 98 hadi 72, kwa ndege ile ile! Gramu 12 zimechukuliwa na kijibawa cha puani, na hakuna anayekandamiza.

Ukijaribu, mambo mawili yatakusumbua. La kwanza, usitumie penseli ya mviringo badala ya kifutio, itabiringika na alama ya 17 itakukimbia. La pili, uzi uvutwe wima kabisa, ukiuvuta upande rula itasugua kifutio na namba zitakudanganya gramu mbili tatu.

Kwenye ndege yenyewe namba si hizi, umbali ni tofauti, ila hesabu ni ile ile. Mabawa yote yanasukuma juu, hakuna linalopigana na mwenzake.

Mtaniuliza, basi mkia wa nini? Wang'oe. Ndilo swali zuri kuliko yote. Bawa la mbele linanyanyua vizuri lakini linaharibu utulivu, ni kama kufunga manyoya ya mshale kwenye ncha badala ya nyuma. Kwa hiyo Avanti imebakiza mkia, na usukani wa kupandisha na kushusha pua uko huko huko mkiani. Kijibawa cha mbele chenyewe hakizunguki kumsaidia rubani kupanda. Kimekaa tu, kinanyanyua. Ila kina flapu zake, vile vibao vya ukingo wa nyuma vinavyoshushwa ili bawa linyanyue zaidi, na hizi ndizo zinazonifanya niipende hii ndege. Rubani anaposhusha flapu za mabawa makubwa ili atue, mabawa yananyanyua zaidi, na kwa kuwa yako nyuma, yanataka kuisukuma pua chini. Flapu za kijibawa zinashuka pamoja nazo, pua inanyanyuliwa kwa kiasi hicho hicho, na ndege inabaki imenyooka. Zisipoendana, pua itayumba, ndiyo maana mwendo wake unadhibitiwa kwa pamoja.

Mwenzake wa zama zile, Beechcraft Starship, alikutana na tatizo hilo hilo na akalitatua kwa njia ngumu. Starship haina mkia wa nyuma, kijibawa chake cha mbele ndicho kila kitu. Flapu kubwa zikishuka, kijibawa kizima kinafyatuka na kusogea mbele, kutoka digrii 30 za kulala nyuma hadi digrii 4 za kutazama mbele. Kukitazama kikifanya hivyo ni raha, kweli. Lakini ni mitambo, ni uzito, ni kitu kingine cha kukagua. Starship ilikuwa na farasi 1,200 kila upande na haikupita kilomita 620 kwa saa. Zilitengenezwa 53 tu. Naipenda, ina video yake inakuja, ila kwenye hesabu Waitaliano walishinda.

Turudi puani. Kijibawa kimewekwa kwa pembe ambayo kikizidiwa mwendo ukipungua sana, kinaacha kunyanyua KABLA ya mabawa makubwa. Pua inashuka yenyewe, mwendo unarudi, mabawa makubwa muda wote yalikuwa bado yanabeba. Ingekuwa kinyume chake, nyuma inaachia na mbele inaendelea kunyanyua, hiyo ingekuwa hatari kubwa. Ndiyo maana barafu kwenye kijibawa si jambo la mzaha. Ukingo mwembamba hukusanya barafu haraka kuliko ukingo mnene, na hiki ni chembamba. Kina joto lake la umeme, wakati mabawa makubwa yanapashwa kwa hewa ya moto kutoka kwenye injini. Propela zenyewe zinapata joto la bure: moshi wa injini unapita katikati ya mapanga yake.

Na hapo ndipo tunafika kwenye kinachoniudhi. Kelele.

Ndani ya ndege ni kimya kweli, propela ziko nyuma ya abiria na nyuma ya ukuta wa mwisho wa chumba. Nje, jamani! Kila panga likizunguka linakatiza hewa iliyochoka iliyotoka nyuma ya bawa, kisha moshi wa injini. Kila mara linapokatiza linapigwa kofi. Piga hesabu: mapanga matano, mizunguko 2,000 kwa dakika, hayo ni makofi kama 167 kwa sekunde kwa kila propela. Ndiyo ule mlio wa kama msumeno unaousikia hata kabla hujaiona. Toleo la EVO la mwaka 2014 lilikuja na mapanga yaliyopinda kama jambia na bomba jipya la moshi, na imepunguza makali. Imepunguza, haijaponya.

Cha pili, barabara ya kurukia. Bawa dogo lina deni lake. Kila mita ya mraba ya bawa la EVO inabeba karibu kilo 343, ya King Air karibu 200. Kwa hiyo inatua kwa kasi, na inataka lami ya kama kilomita moja, hapo ni usawa wa bahari na hewa ya baridi ya wastani. Joto likizidi au uwanja ukiwa mlimani, ongeza. Kwenye kokoto usiipeleke: magurudumu yanarusha mawe nyuma, na nyuma ndiko propela ziliko. King Air propela zake ziko mbele ya magurudumu makuu, shida hiyo kwake ni ndogo. Ukikagua Avanti iliyotumika, pitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele wa kila panga, kuanzia ncha kuja katikati. Ukucha ukikwama, pana jeraha, na jeraha dogo kwenye panga linalopigwa makofi zaidi ya 30 kwa sekunde hukua likawa ufa. Na mizigo inapakiwa kwa nje, nyuma ya bawa, kwa hiyo injini zizimwe na propela zisimame kabisa kabla mtu hajasogea na mabegi.

Kuhusu ndani niseme kidogo tu. Kwa kuwa mabawa yako nyuma, boriti linalounganisha bawa la kushoto na la kulia linapita nyuma ya chumba cha abiria. Halipiti chini ya miguu yako. Matokeo: kimo cha chumba, sakafu hadi dari, mita 1.75, upana 1.85. King Air B200 ni 1.45 kwa 1.37. Unaweza kutembea ndani bila kujikunja sana.

Mtazame pia jinsi taa inavyoteleza kwenye bodi, hapa nimekuza picha. Hakuna mawimbi. Ndege nyingi unajenga mbavu kwanza halafu unazivalisha bati. Hii imejengwa kinyume: bati la alumini linalazwa kwenye kalibu, linafyonzwa lishike umbo la nje, ndipo mbavu zinafungwa kwa ndani. Makosa yote ya milimita yanabaki ndani, nje panabaki laini. Na ulaini huo si wa kupiga picha tu. Hewa inayoteleza juu ya bawa bila kuvurugika ndiyo inayolipa zile kilomita 740. Kwa hiyo wadudu waliokauka kwenye ukingo wa bawa ni mwendo unaopotea. Wafutwe baada ya kila safari, kwa kitambaa laini na maji ya sabuni, hakuna kukwaruza.

Bei. EVO mpya ilikuwa ikiuzwa zaidi ya dola milioni 7 za Marekani, na hapa ndipo biashara inapokuwa ngumu. Kwa fedha hizo mtu anapata jeti ndogo. HondaJet, yenye injini zake juu ya mabawa, nayo ni ya ajabu na nzuri, na ilipoanza kuuzwa ilikuwa ya bei ndogo kuliko hiyo. Avanti inakwenda karibu na jeti kwa mafuta machache, lakini wanunuzi wengi wakiona propela wanasikia neno "zamani". Zimetengenezwa zaidi ya 200 kwa karibu miaka 40, kidogo mno kwa kazi nzuri hivi. Kampuni ilishaingia chini ya usimamizi wa serikali mwaka 2018, na mwaka 2025 ikachukuliwa na Baykar ya Uturuki. Mimi naomba kitu kimoja tu: wasilifute hili umbo.

Mwanzoni nilikuwa niipe nne kwa tano kwa sababu ya ile kelele. Baada ya mizani kusoma 72 hapa mezani, naipa tano.

Video ijayo ni Blohm & Voss BV 141, ile ndege ya Kijerumani ya mwaka 1938 yenye injini upande mmoja na chumba cha rubani upande mwingine. Mkiwa na rula, kifutio na sarafu zenu, msizirudishe kabatini. Tutazihitaji tena, safari hii tutapima kushoto na kulia.