Lango la Fomu 34A: stakabadhi zote zipo, jumla ndiyo haipo

Jioni ya Agosti 15, 2022, matokeo ya urais wa Kenya yalipotangazwa, magurudumu yaliwaka Kondele, Kisumu, huku Eldoret watu wakicheza barabarani. Pande zote mbili, wa Raila Odinga na wa William Ruto, zilikuwa na lango lilelile la IEBC, tume ya uchaguzi, kwenye simu, fomu zilezile za matokeo ya kila kituo (Fomu 34A), na bado kila upande ulishika hesabu yake. Mapitio haya ni ya lango hilo: linafanya nini, linakwama wapi, na namna ya kulitumia Agosti 2027 bila kumaliza bando na usingizi.

Sifa kwanza, maana inazistahili. Mwaka 2007 mtu wa Nakuru au Kisumu hakuwa na pa kuchungulia. Takwimu zilisomwa Nairobi, karatasi za vituo zikabaki mikononi mwa maafisa na mawakala, na yaliyofuata yaliua zaidi ya watu 1,100. Mwaka 2017 fomu zilichelewa kuonekana, na hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyoifanya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa urais Septemba 1. Mwaka 2022 tume iliacha mlango wazi. Afisa msimamizi wa kituo alipiga picha Fomu 34A kwa KIEMS, kifaa cha kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, picha ikasafiri, na yeyote mwenye intaneti akaweza kuipakua. Vituo vilikuwa 46,229. Kufikia siku ya pili baada ya kura, fomu karibu zote zilikuwa zimeingia. Kwa kazi hiyo ya kuhifadhi stakabadhi, nyota tano.

Kuingia si kazi. Unachagua kaunti, unashuka hadi eneobunge, kisha wadi, kisha kituo, unapakua. Mtego wa kwanza uko hapo kwenye neno kituo. Kituo si shule. Kanuni zinataka kituo kimoja kisizidi wapiga kura 700, hivyo shule yenye watu 2,000 hugawanywa mikondo mitatu na kila mkondo una fomu yake. Anayefungua mkondo wa kwanza pekee huona kura 400 na ushei, hukumbuka foleni iliyozunguka uwanja mzima, kisha huhitimisha kwamba nyingine zimemezwa. Hazijamezwa. Ziko faili mbili chini yake.

Fomu yenyewe isome kutoka chini kwenda juu. Chini kuna jina na sahihi ya afisa msimamizi, na majina ya mawakala wa vyama na sahihi zao. Wakala akikataa kutia sahihi, kuna nafasi ya kuandika sababu, na nafasi hiyo ndiyo ya kuangaliwa mapema kuliko takwimu. Kukosekana kwa sahihi ya wakala hakufuti matokeo ya kituo, lakini sababu iliyoandikwa hapo ni ushahidi, na kimya chake pia kina maana. Kisha panda kwenye idadi ya waliojisajili na kura zilizokataliwa. Mwisho ndiyo ufike kwa wagombea.

Tuseme kituo kina waliojisajili 640. Wagombea wamepata 312, 148, 3 na 1. Jumlisha mwenyewe: 464. Linganisha na kura halali zilizoandikwa. Ongeza zilizokataliwa, tuseme 4, upate 468. Namba hiyo ikizidi 640, kuna kasoro nzito. Ikiwa jumla iliyoandikwa ni 454, uwezekano mkubwa ni afisa aliyejumlisha saa saba usiku kwa tochi ya simu baada ya kuamka saa tisa alfajiri ya jana yake. Makosa ya namna hii yamejaa katika kila uchaguzi. Kinachofaa kukutia wasiwasi ni tarakimu ya mgombea iliyofutwa na kuandikwa upya bila sahihi pembeni, hasa ikiwa jumla ya chini bado inalingana na tarakimu ya zamani.

Halafu mwandiko. Picha nyingine zimepigwa kando, nyingine zimekatwa ukingo, nyingine zina kivuli cha mkono. Adui mkuu ni 1 na 7, akifuatwa na 4 na 9. Kusoma 1 badala ya 7 kwenye tarakimu ya mwisho ni kura sita. Kidogo? Ngoja.

Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, marehemu Raila Odinga 6,942,930, George Wajackoyah 61,969, David Mwaure 31,987. Jumla ya kura halali ni 14,213,027. Katiba inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu, yaani angalau 7,106,514, pamoja na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Ruto aliivuka nusu kwa kura 69,627. Gawa kwa vituo 46,229: kura moja na nusu kwa kituo. Kila kura sita ulizokosea humsogeza tatu tu kuelekea nusu, kwa sababu jumla nayo hubadilika. Maana yake, ukikosea 1 na 7 kwenye zaidi kidogo ya nusu ya vituo, na makosa yote yakaelekea upande mmoja, umempeleka mtu duru ya pili ukiwa umekaa kwenye kochi. Mtu mwaminifu hukosea pande zote mbili na makosa hufutana. Anayekosea upande mmoja kila mara ana lake jambo.

Sasa kasoro kubwa ya huduma hii, ile inayoila nyota: lango lilitoa picha, halikutoa jumla. Hakukuwa na ubao wa kuonyesha nani anaongoza. Tume iliacha hesabu kwa vyombo vya habari na kwa raia, na hapo ndipo vurumai ilipozaliwa. Kila kituo cha televisheni kilikuwa na vijana wanaopakua na kuingiza kwa mkono, na kila kimoja kilianza na kaunti zake. Ukianza na Siaya, Homa Bay na Kisumu, Raila yuko mbele kwa mbali. Ukianza na Bomet, Kericho na Uasin Gishu, Ruto anatamba. Wote wawili wanasema kweli kuhusu fomu walizosoma. Lakini anayetazama kutoka kibanda cha Kondele au gereji ya Nakuru haoni mpangilio wa kuingiza data. Anaona mgombea wake akiongoza saa nne na kupitwa saa kumi. Kisha vyombo hivyo vikapunguza mwendo, na kimya hicho kikasomwa kama dalili ya wizi.

Suluhisho la kujumlisha mwenyewe halipo kwa mtu mmoja. Dakika moja kwa fomu, fomu 46,229, ni saa 770. Siku 32 bila kulala, wakati katiba inampa mlalamishi siku 7 tu tangu matokeo yatangazwe, na Mahakama ya Juu siku 14 za kuamua. Eneobunge moja, kinyume chake, lina wastani wa vituo 160. Hiyo ni alasiri moja. Watu wawili, mmoja asome kwa sauti na mwingine aandike, wabadilishane kila fomu 20 kwa sababu macho huchoka. Kisha mlinganishe jumla yenu na Fomu 34B, ile ya jumla ya eneobunge, iliyotangazwa na afisa wa eneobunge lenu. Ukizipata 34B zote, 290 na ile ya ughaibuni, jumla ya taifa inafikika kwa saa tano.

Afadhali pia kuchagua eneobunge usilolipenda. Magharibi mwa Kenya kunafaa sana kwa zoezi hili: Bungoma ilimpa Ruto ushindi, jirani yake Kakamega ikampa Raila, ingawa vigogo wa eneo hilo, Mudavadi na Wetang'ula, wote walikuwa upande wa Ruto. Anayekagua fomu za nyumbani kwake pekee hukuta kila kitu sawa, na wizi wote huwa kwa jirani.

Kuna jambo la hoteli ya Serena, Nairobi, ambalo bado linarudi kila mjadala ukichacha. Makamishna wanne wa tume walioyakana matokeo walisema hapo kwamba asilimia za wagombea zinafika 100.01, na kwamba ziada hiyo ni kura kama 142,000. Piga hesabu kwenye simu. Asilimia 0.01 ya 14,213,027 ni 1,421. Kura 142,000 ni asilimia 1 nzima. Na hata hizo 1,421 hazipo: 50.4899 iliandikwa 50.49, 48.8491 ikawa 48.85, 0.4360 ikawa 0.44, 0.2251 ikawa 0.23. Zote nne zilikadiriwa kupanda juu. Mtoto wa darasa la saba hukutana na jambo hili kwenye hesabu za desimali. Malalamiko yao kuhusu namna mwenyekiti alivyoendesha hatua za mwisho Bomas, kituo cha taifa cha kujumlisha kura, yalistahili kusikilizwa kivyake, lakini hesabu hii iliyaharibia.

Je, picha za lango ziliweza kuchezewa njiani? Hilo lilidaiwa mahakamani. Fomu asilia zilizoletwa Bomas zikalinganishwa na zile za lango, na Septemba 5 majaji wakasema hawakuona tofauti za maana. Anayetilia shaka hilo bado ana njia yake, isiyohitaji hakimu wala mtaalamu wa kompyuta. Nakala ya Fomu 34A hubandikwa mlangoni pa kituo baada ya kuhesabu.

Hiyo ndiyo sehemu inayoamua kama lango litakufaa 2027. Piga picha mlangoni usiku huohuo, kabla mvua au mkono wa mtu haujaifikia karatasi. Simama uso kwa uso na fomu, usiegemee upande. Zima flashi kwa sababu karatasi hurudisha mwanga na kuua tarakimu. Mwombe mwenzako amulike kutoka kando. Picha mbili: moja ya fomu nzima, kona nne zikionekana, na nyingine ya karibu ya safu ya wagombea. Hakikisha namba ya kituo inasomeka, maana picha isiyo na namba ya kituo haina pa kuwekwa. Lango likifunguka, pakua ya mkondo huohuo, zipange kando kwa kando, na usome tarakimu kabla hujasoma majina.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ya nne ingepatikana kwa faili moja tu ya jumla, kituo kwa kituo, inayofunguka kwenye Excel.