Oksijeni sensa ya Hilux ya petroli: pima kwanza, afu ununue hii

Taa ya cheki enjini ikiwaka na gari ikaanza kula mafuta, wengi wanakimbilia Kariakoo kununua oksijeni sensa, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, jamani ngojeni kidogo. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu ikitoa P0171 haijasema sensa imekufa, imesema hewa ni nyingi kuliko mafuta, yaweza kuwa paipu ya hewa imepasuka au pampu ya mafuta imechoka, na ekzosi ikivuja mbele ya sensa nayo inaidanganya. P0135 ndo ya hita ya sensa ya mbele, hapo anza na fyuzi na waya, afu chukua multimita upime zile waya mbili za rangi moja, kama njia imekatika kabisa basi hita imeungua. Mwambie fundi akuonyeshe na volti gari likiwa linaunguruma, injini ikishachemka sensa ya kawaida ya mbele inapanda na kushuka muda wote kati ya 0.1 na 0.9, ikiganda hata ukikanyaga mafuta ghafla hiyo badilisha. Ile ya nyuma ya masega (katalitiki, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) inatakiwa itulie, msiitupe bure!!

Sasa za kununua. Namba moja kwangu ni Denso mpya yenye plagi yake, Toyota nyingi zimetoka nayo kiwandani so unachomeka tu. Bei inauma kweli, ila nenda na namba iliyoandikwa kwenye sensa ya zamani maana kuna oksijeni sensa ya kawaida na kuna ya A/F (inayopima uwiano wa hewa na mafuta), zote waya nne, kwa macho ni mapacha lakini moja haifanyi kazi ya nyingine na hapa ndo watu wanapigwa sana. NTK za NGK nazo ziko poa.

Ya pili ni ile ya kuunga waya, iwe ya kampuni inayojulikana. Fundi abane kwa viungio, asichome risasi, sensa nyingi zinavuta hewa safi kupitia ndani ya waya.

Ya tatu, used ya Japani, chukua pale tu muuzaji akikubali uifunge uone volti kabla ya kulipa, na ncha ikiwa na unga mweupe achana nayo.

Zile za boksi lisilo na jina hapana, bora hata used.

Kufunga tumia soketi ya 22 yenye mpasuo wa kupitisha waya, na gasketi ya silikoni isiwe karibu kabisa, mvuke wake unaua sensa mpya.