Bima ya afya ya ziada kwa sisi wa Mtwara na Lindi: ipi ukate kwanza, na siku za kusubiri zinahesabiwaje

Oktoba korosho ikianza kwenda mnadani na hela zikaanza kusoma kwenye akaunti ndo mawakala wa bima nao unawaona, Masasi wapo, Newala wapo, hapa Mtwara mjini mpaka foleni ya benki unakutana nao. Sio vibaya, ni kazi yao na wakati huo ndo watu tuna hela. Shida ni sisi wanunuzi, tunauliza "shingapi?" halafu "naingia hospitali gani?" tukishajibiwa tunasaini. Hatuulizi la tatu: nikilipa leo naanza kutibiwa lini, na kwa ugonjwa gani?

Mimi sikuuliza. Tulimkatia mdogo wangu wa kike bima ya kampuni binafsi mimba ikiwa na miezi mitatu, tukajiona tumewahi kabisa, kadi ikaja ina picha yake nzuri. Siku ya uchungu ikaonekana lazima apasuliwe, kwenda dirisha la bima kadi inakataa, uzazi kwenye ule mkataba unasubiri miezi 10 na sisi tulikuwa na 6. Usiku ule tulichangishana kwa simu mpaka saa nane, mama amekaa kwenye benchi ananiuliza "mwanangu si ulisema umelipia?" na mimi sina la kumjibu. Mkataba ulikuwa umeandika wazi, ukurasa wa nne. Tangu hapo nimesoma mikataba mingi, yangu na ya watu wanaoniletea, na nikipanga bima ipi nzuri siangalii bei kwanza, naangalia kusubiri.

Kwa nini kuna kusubiri? Chukulia mchezo wa upatu. Mtu akijiunga mwezi ambao zamu ni yake, achukue halafu apotee, mchezo unakufa na wenzake wanabaki wanalia. Bima ni hivyohivyo, kama kila mtu angelipa siku anayoingia chumba cha operesheni mfuko usingekuwepo. Kwa hiyo kusubiri sio wizi, ila ni kitu cha kujua kabla.

Kwa kawaida mikataba inapanga hivi. Ajali inalipwa mapema, mara nyingi tangu bima inapoanza. Malaria, homa, tumbo na vitu vya hivyo, kama mwezi mmoja. Operesheni isiyo ya dharura, yaani ngiri, busha, uvimbe kwenye kizazi, mtoto wa jicho, hapo ni miezi kadhaa mpaka mwaka. Uzazi miezi 9 mpaka 12. Na ugonjwa uliokuwa nao kabla, presha, sukari, pumu, selimundu, mwaka au zaidi, na kuna kampuni hazilipi kabisa. Hilo la mwisho mlitenganishe vizuri: "utasubiri" na "hatulipi" ni vitu viwili tofauti, na kwenye karatasi vinakaa kurasa tofauti. Mtu anasubiri mwaka mzima kwa kitu ambacho kipo kwenye orodha ya visivyolipwa. Australia wao wameweka kikomo kwenye sheria, bima binafsi ya hospitali haiwezi kukusubirisha zaidi ya miezi 12 kwa uzazi na magonjwa ya zamani (ya akili ni miezi 2 tu hata kama ulikuwa nayo kabla), na mengine mengi miezi 2, na ukihama kampuni kwa bima ya kiwango kilekile hauanzi upya. Huku kwetu utegemee kilichoandikwa kwenye mkataba wako, ndo maana lazima usome.

Na kuna hili ambalo wakala hakwambii mpaka umbane. Siku zinahesabiwa kuanzia lini? Siku uliyolipa, siku kampuni ilipokubali fomu, au siku kadi ilipotoka? Tofauti inaweza kufika wiki kadhaa. Ukichelewa kulipia upya, kwenye mikataba mingi unaanza moja, ule mwaka uliosubiri umepotea. Ukiongeza mtu, yeye anaanza kusubiri kwake. Ukipandisha kiwango, lile la juu uliloongeza linasubiri peke yake. Mtoto mchanga anakuwa na muda maalum wa kuandikishwa, ukiupita anahesabiwa kama mtu mpya, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kisikae kabatini.

Sasa kabla ya ziada kuwe na ya chini. Mtumishi mwenye NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya), ile inayokatwa asilimia 6 ya mshahara, 3 yako 3 ya mwajiri, na inayobeba mwenza na wategemezi 4, tayari una msingi mkubwa, ziada kwako ni kuziba matobo tu. Sisi tusio na mshahara msingi wetu umekuwa CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilipoanza 2018 kaya ya watu 6 huku mikoani ililipa 30,000 kwa mwaka, na toka 2023 kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote kwa hiyo ulizia ofisi ya kata au zahanati yako saivi utaratibu na bei vikoje. Msingi huo unakutoa zahanati mpaka hospitali ya mkoa kwa rufaa, Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Tobo linaanzia hapo: ukitakiwa uende mbele, Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, au Muhimbili kule Dar, ambako kutoka Mtwara mjini ni zaidi ya kilometa 500, au familia ikitaka Ndanda au Nyangao kwa wamisionari. Swali la kuuliza ni bima ipi ya ziada inaziba hilo tobo bila kukuweka benchi mwaka mzima.

Namba moja kwangu ni bima ya kundi. Walimu wa shule binafsi, VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) iliyokaa muda, wanachama wa AMCOS (ushirika wa wakulima), madereva bajaji wenye umoja wao uliosajiliwa. Kampuni nyingi zikipata kundi la watu wa kutosha, wazima na wagonjwa wamechanganyika, zinakubali kufuta kusubiri au kukupunguzia sana, mpaka kwenye uzazi na presha, na hiyo nafuu ukiwa mmoja hupewi hata ubembeleze vipi. Ila wanataka kundi lililokuwepo kwa kazi nyingine, sio lililoundwa jana kwa ajili ya bima, na wanataka waingie wote au karibu wote, sio wagonjwa watano tu wa kikundi. Neno la kusubiri kufutwa liwe kwenye karatasi yenye muhuri, la mdomo halisomi pale dirishani. Ubaya wake ukitoka kwenye kundi umetoka na kwenye bima. Hapo omba barua ya kampuni inayoonyesha umekuwa mwanachama tangu lini, kuna kampuni zitakuhesabia.

Namba mbili, bima ya kulazwa tu kwa familia, ukiiweka juu ya CHF. Hapa nakaa kidogo maana ndo wengi wetu tunaiweza. Hainunui panadol wala kipimo cha malaria, hayo CHF inabeba, yenyewe inasubiri bili kubwa, kitanda na operesheni, kwa hiyo bei yake iko chini ya ile ya kila kitu. Lakini angalia hesabu: mkataba ni wa miezi 12, na tuseme ngiri inasubiri miezi 12. Maana yake mwaka wa kwanza wote kwa ngiri umelipa bila kugusa kitu, faida inaanza siku unayolipia mwaka wa pili. Kwa hiyo ukilinganisha kampuni mbili usipige hesabu ya mwaka mmoja, piga ya miwili. Kampuni A ya bei ndogo inayosubiri mwaka inaweza kuwa ghali kuliko B iliyo juu kidogo inayosubiri miezi 4.

Na mkulima wa korosho hela yake inakuja mara moja. Watakwambia lipa kidogokidogo kila mwezi ni nafuu, sawa, kwa mwenye mshahara. Wewe mwezi wa sita hela yote imeingia kwenye salfa ya mikorosho na wapuliziaji, awamu ya mwezi huo unairuka, bima inakatika, unaanza kusubiri moja. Lipa ya mwaka mzima Novemba au Desemba, na kama mnada umekaa vizuri tenga ya mwaka unaofuata kabisa kabla ya mabati na pikipiki.

Namba tatu ni zile za pesa kwa siku ya kulazwa, za kukatwa kwenye simu. Hailipi hospitali, inakupa wewe hela kwa kila usiku uliolala, popote ulipolazwa. Hela ni ndogo, usitegemee ilipe operesheni, lakini anaemuuguza mtu Ligula wiki mbili anajua chakula, bodaboda na kibarua kilichosimama vinakula kuliko dawa. Kusubiri kwake huwa kufupi. Angalia malipo yanaanza usiku wa ngapi, nyingine hazilipi usiku wa kwanza. Salio lisipotosha mwezi huo haupo kwenye bima. Na majina! Huku kwetu mtu ana jina la utotoni, jina la jandoni na jina la NIDA, hospitali kaandikwa moja na laini ya simu imesajiliwa lingine, hapo hulipwi. Mgonjwa akiandikishwa, taja jina la NIDA, na karatasi ya kuruhusiwa igongwe muhuri kabla hamjatoka getini.

Namba nne bima kamili ya mtu mmoja mmoja, nje, kulazwa, meno, miwani. Ni nzuri, ila ni ghali, na omba orodha ya hospitali za Mtwara na Lindi kwa majina kabla hujatoa hela, maana kuna orodha ukurasa mzima ni Dar halafu huku kusini unaona mbili. Anaesafiri sana kikazi imfae, wa Tandahimba sidhani.

Mwisho kabisa, nyongeza ya uzazi ukiwa tayari mjamzito. Usikate. Mimba haisubiri mkataba. Hiyo hela iweke pembeni, na kumbuka kwa sera ya serikali wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi wanahudumiwa bila malipo vituo vya serikali, ingawa vifaa vingine na usafiri jiandae navyo. Kama mnapanga mtoto, kata kabla, na uliza hili kwa maneno haya haya: natakiwa nishike mimba baada ya kusubiri kuisha, au inatosha nijifungue baada ya kusubiri kuisha? Kati ya hayo mawili kuna karibu miezi 9 ya tofauti, na nimeona mikataba ya aina zote mbili.

Kwenye fomu sema kweli. Kuna wakala anakwambia "dada yangu usiandike presha, itakuchelewesha", usimsikilize, siku ukilazwa kampuni itaomba faili la kliniki, ikikuta presha ya miaka mitatu inaweza kufuta mkataba wote na hela isirudi. Wakala mwenyewe hakikisha ana leseni ya TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Kampuni ikigoma kulipa, dai jibu la maandishi lenye kifungu walichotumia, na usiporidhika peleka TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mdogo wangu saivi yuko kwenye bima ya kundi la wenzake kazini. Ile ya kulazwa ya wazazi nililipa Novemba, na kwenye kalenda ya ukutani pale sebuleni nimezungushia peni tarehe tatu: ya homa, ya operesheni, ya presha ya mama. Ya presha bado miezi 5, akilazwa kwa presha kabla ya hapo tunalipa wenyewe.