TAHADHARI: Huyu muuza "seti za kurekodia shoo" ni tapeli, msimpe hata senti

Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira, na aibu pia ipo, maana kati yetu mimi ndiye huwa nawaambia watu msinunue kifaa bila kukikagua, na safari hii aliyepigwa ni mimi. Ningekaa kimya lakini jana nimemuona jamaa kaweka tangazo jipya, picha zile zile, maneno yale yale, kwa hiyo bora niseme yote kabla hajamliza mwingine.

Habari ya shoo ya kumuaga mzee wetu anayepiga besi kwenye bendi mnaijua, siirudii. Na rekodi za simu yangu za mara ya kwanza nilipojaribu kurekodi shoo mlizisikia wenyewe, kila besi ikigonga sauti yote inazama halafu inaibuka halafu inazama tena, kwenye korasi ni mkwaruzo mtupu. Nikasema ya safari hii hainipiti. Hela ya vifaa vya maana sina, nilikuwa na akiba ya miezi mitano basi, na huyu bwana akatokea na "seti kamili ya shoo zenye makelele": rikoda ndogo, maiki mbili za klipu na kiboksi cha betri ya volti 9. Nusu ya bei ninayoiona kwa wengine. Eti anaachana na mambo ya sauti, anataka vitu viende kwa mtu atakayevithamini.

Mtaniuliza nilimwaminije. Nilimwamini kwa sababu anaijua kazi, na hapo ndipo panaponiuma zaidi. Aliniambia zile maiki ndogo zikilishwa umeme wa rikoda peke yake, volti 2 au 3 hivi, mbele ya spika kubwa zinazidiwa zinaanza kupasua sauti, ndiyo maana watu wanaweka kiboksi cha volti 9 katikati halafu wanaingilia tundu la laini (lile la kupokea sauti yenye nguvu tayari) badala ya tundu la maiki. Kweli kabisa. Akaniambia zima ile ya rikoda kujirekebishia kiwango cha sauti yenyewe, hiyo ndiyo inayofanya sauti izame na kuibuka kama kwenye simu yako. Kweli. Akaniambia weka kiwango ili sauti kubwa kabisa ziishie kama desibeli 12 chini ya sifuri, yani chini ya kikomo cha mita ya rikoda, maana ukirekodi kwa biti 24 hata sauti ndogo inashikwa vizuri, huna haja ya kujaza mita mpaka juu. Hiyo pia kweli! Mtu anakupa elimu ya bure nusu saa nzima, unamshikaje uongo? Mimi nilikuwa nashukuru, nilimwita kaka mpaka mwisho.

Sasa sikilizeni alivyonifanya. Tulikuwa ndani ya gari lake, vioo kapandisha vyote. Kanivalisha hedifoni zake, kubwa zile za kufunika sikio zima. Kabonyeza kiboksi, kitaa chekundu kikawaka, akanionyesha kwa kidole, "unaona, maiki zinakula umeme wa kutosha hapo." Halafu akaanza kuongea polepole, moja, mbili, moja, mbili, akagonga vidole karibu na maiki, akapangusa shati lake, na mi nasikia kila kitu, mpaka pumzi yake, mpaka kiti kinavyolia akijigeuza. Yani nilijiona niko studio. Mita inapanda inashuka vizuri. Nikamwambia kaka, naomba tufungulie redio ya gari mpaka mwisho nisikie inavyohimili. Akacheka kidogo, akaniwekea mkono begani, "dogo, usizichoshe maiki kabla hazijafika kwenye shoo yenyewe." Nikakubali. Nikahesabu hela, nikampa, nikashuka na mfuko.

Kile kitendo cha kukubali kimenifanya nikose usingizi siku nne. Kwa sababu najua hesabu yake! Mtu akiongea karibu na wewe ni kama desibeli 60, shoo ya bendi ukisimama mbele inafika 110. Kila desibeli 20 ni shinikizo mara 10, kwa hiyo tofauti ya 50 ni zaidi ya mara 300. Maiki kupokea pumzi ya mtu garini hakukwambii chochote kuhusu shoo, na kama maiki ni nzima hiyo redio ya gari haiifanyi kitu. Nilikuwa nayajua haya na bado nilinyamaza kwa sababu ya mkono begani.

Usiku wa shoo nilifanya kila kitu sawa. Nilisimama pembeni ya fundi wa miksa, katikati ya spika mbili, klipu moja bega la kulia nyingine la kushoto, earplug masikioni. Mita haikuvuka nusu usiku kucha, nikawa natulia, nikijua niko salama. Kumbe maiki ikishapasua sauti yenyewe, rikoda inapokea mpasuko tayari umeshaiva, ukipunguza kiwango unapata mpasuko wa sauti ndogo, mita haina la kukuambia. Na kwenye makelele yale hedifoni hazikusaidii, hutofautishi kinachotoka kwenye waya na kinachotoka ukumbini. Nimesimama saa mbili sijapiga hata picha ili nisitikise maiki. Mzee alipopiga ile ya mwisho peke yake, ukumbi wote kimya halafu wote wanapiga makofi, mi nilikuwa nalia nikijua angalau ninayo.

Sina kitu. Besi ya mzee ni kama mtu anachana turubai. Maneno aliyosema ya kuaga hayashikiki hata sentensi moja nzima.

Nikaanza kuchunguza usiku ule ule. Faili linaitwa WAV, yani sauti kamili isiyobanwa, lakini saa mbili zote lina MB 115 tu, wakati WAV ya biti 24 kwa kilohezi 48 ya sterio (kushoto na kulia kila upande na sauti yake) inakula kama MB 17 kwa dakika, yani giga 2 na ushee kwa shoo nzima. Nikalitazama kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, zile sauti nyembamba za juu ya kilohezi 16 hazimo, pamekatwa kama kwa kisu, ni MP3 ya hali ya chini, sauti iliyobanwa, imevalishwa jina la WAV. Nikakwaruza maiki ya kushoto kwa ukucha, mita zote mbili zikaruka sawasawa. Ni mono, sauti moja tu pande zote! Ni rikoda ya kurekodia mikutano imebandikwa lebo nyingine. Halafu nikafungua kiboksi skrubu nne, na hapa ndipo nilipokaa chini sakafuni. Ile betri imeunganishwa kwenye kitaa chekundu. Basi. Waya wa maiki umepita moja kwa moja kutoka tundu hadi tundu, haugusi betri popote. Mtu alikaa, akashika bisibisi na risasi ya kuunganishia waya, akatengeneza kitaa cha kunidanganyia.

Nikampigia. Kasema nimeziunguza mwenyewe kwa kusimama karibu na spika. Nikamtumia picha ya kiboksi kiko wazi, ikawekwa tiki mbili, akanifungia. Nimejaribu kwa namba ya mdogo wangu, aliposikia jina langu akakata.

Huyu mtu anatakiwa akamatwe. Sitaki arudishe hela tu, nataka akae mbele ya polisi na kile kiboksi mezani aeleze kitaa kile kilikuwa cha nini. Nimeshapeleka taarifa, picha zote, risiti ya kutumiana hela, na mazungumzo yote sijafuta hata moja. Kama kuna mwingine aliyenunua kwake naomba ajitokeze, tukiwa watatu wanne polisi hawawezi kusema ni kutoelewana kwa kibiashara. Na wanaomjua wanaosema "ni mtu mzuri tu" waache, mtu mzuri hakai na risasi usiku kutengeneza uongo.

Mnaotaka kununua kwa mtu yeyote, yeye au mwingine: nendeni na spika, hata ya kawaida, fungueni mpaka mwisho, maiki iwe sentimita chache mbele yake, rekodini dakika moja kisha mcheze. Akikataa ondokeni. Angalieni uzito wa hiyo faili ya dakika moja. Kwaruzeni maiki moja moja. Ulizeni maiki inahimili desibeli ngapi, watengenezaji wa kweli wanaiandika, yeye kwenye tangazo hakuandika popote na mi sikuuliza. Kiboksi cha betri, toeni betri muone, kama sauti haibadiliki wala haikatiki hicho kiboksi hakifanyi kazi. Na msishawishike na hii rikoda ya biti 32 anayoitangaza sasa hivi, eti haizidiwi na sauti kubwa, hata ingekuwa ya kweli maiki ikizidiwa imezidiwa, hakuna biti ya kuirudisha. Kuna lingine nilitaka kusema kuhusu waya zake limenitoka, nitaongeza.

Namba yake na jina analotumia atakayehitaji aniulize pembeni, hapa siweki kwa sababu kesi iko njiani.

Na ombi moja, tafadhali sana. Yeyote aliyekuwa pale usiku ule na alirekodi, hata kwa simu, hata dakika mbili, hata kama sauti inazama na kuibuka, anitumie. Hasa pale mzee alipobaki peke yake jukwaani. Fundi wa miksa nimemuuliza, kasema hakuchukua kitu kutoka mezani kwake, alijua mimi ninarekodi.